Kiti cha Gari kwa Mtoto Mdogo Mwenye Umbo Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga

Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 16 huwachanganya wazazi na wauzaji kwa pamoja. Ukimtazama kwa macho unaona kwamba kiti alichonacho kimeshambana, magoti yamekunjika na mabega yamejaa, na wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kumhamishia kwenye kiti cha watoto wakubwa. Kasoro ya wazo hilo ni kwamba kilo zimewahi, mifupa haijawahi. Mtoto wa namna hii anahitaji kiti kikubwa zaidi cha aina ileile inayofaa umri wake, wala si kupandishwa kwenye aina inayofuata.

Sababu yake iko mwilini. Pingili za uti wa mgongo wa mtoto mdogo bado ni vipande vya mfupa vilivyoshikanishwa na gegedu, na zile za shingoni huungana kikamilifu kati ya umri wa miaka 3 na 6. Juu ya shingo hiyo kuna kichwa kilicho kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake. Fupanyonga nalo halijawa na kingo zilizochongoka za mbele ambazo kwa mtu mzima huushika mkanda wa kiunoni usipande, kwa hiyo gari linapogonga, mkanda wa kawaida huteleza kwa urahisi kutoka kwenye nyonga hadi tumboni, mahali ambapo hakuna mfupa wa kuupokea bali ini, wengu na matumbo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokomaa mapema kwa sababu mtoto amenenepa au amerefuka.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kutazama kiti chochote

Vipimo vinavyohitajika ni vinne: uzito, kimo, urefu wa kiwiliwili akiwa amekaa, na usawa wa mabega akiwa amekaa. Wazazi wengi huwa na viwili vya kwanza tu, na mara nyingi ni vya kliniki ya miezi kadhaa iliyopita.

Uzito unaweza kuupata nyumbani kwa kupanda mizani peke yako, kisha kupanda tena ukiwa umembeba mtoto, na kutoa. Mpime akiwa amevaa nguo, kwa kuwa ndivyo atakavyosafiri. Kimo kipime akiwa amesimama bila viatu. Kwa vipimo viwili vilivyobaki, mkalishe sakafuni, matako na mgongo vikigusa ukuta na miguu imenyooka mbele, laza kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa chake kikiwa mraba na ukuta, kisha utie alama ya penseli chini ya kitabu. Tia alama nyingine usawa wa sehemu ya juu ya bega. Mtoto wa umri huu hatulii, hivyo rudia mara mbili tatu na uchukue kipimo kikubwa zaidi.

Alama ya bega ndiyo yenye thamani kuliko zote. Watoto wawili wenye sentimita 95 kila mmoja wanaweza kutofautiana sana: mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwingine kinyume chake. Wa kwanza atakitumia kiti kilekile kwa mwaka mzima zaidi, na wa pili mabega yake yatapita tundu la juu kabisa la mikanda hata kabla hajafikia uzito wa mwisho.

Hatua ya pili: isome lebo kwa uangalifu, hasa sehemu ya kilo

Hapa ndipo mtoto mwenye umbo kubwa anapoponzwa. Viti vilivyoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 44, yaani ECE R44, vimepangwa kwa makundi ya uzito: kundi 0+ hadi kilo 13, kundi 1 kuanzia kilo 9 hadi 18, kundi 2 kuanzia 15 hadi 25, na kundi 3 kuanzia 22 hadi 36. Ukilitazama jedwali hilo ukiwa na mtoto wa wastani, halina tatizo kubwa. Litazame sasa ukiwa na mtoto aliye kwenye mstari wa juu wa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani. Mvulana wa katikati ya chati hufikisha kilo 9 akiwa na miezi tisa hivi, lakini wa mstari wa juu hufika hapo kabla hajatimiza miezi sita, hata kukaa mwenyewe hajajua. Mvulana wa katikati akitimiza miaka 2 huwa na kilo 12 hivi, na wa mstari wa juu huwa na 15 na ushei. Kwa maneno mengine, ukifuata kilo pekee, lebo itakuruhusu kumtazamisha mbele mtoto mchanga, na itakuruhusu kumkalisha mtoto wa miaka miwili kwenye kiti cha kuinua (booster) na kumfunga kwa mkanda wa watu wazima. Ruhusa hiyo ipo kwenye karatasi, lakini mwili wa mtoto hauko tayari kwa yote mawili.

Kanuni mpya zaidi, UN R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, ilirekebisha sehemu ya kasoro hiyo. Inapanga viti kwa kimo, inalazimisha mtoto atazame nyuma hadi atimize angalau miezi 15, na inaongeza jaribio la kugongwa ubavuni ambalo R44 haikuwa nalo. Viti vya R129 vyenye jina la i-Size ni sehemu ya kanuni hii. Katika Umoja wa Ulaya, viti vipya vya R44 havijauzwa tena tangu Septemba 2024, ingawa vilivyoko bado vinatumika. Lebo ya kanuni zote mbili ni ya rangi ya chungwa na ina herufi E ndani ya duara. Kwenye R129 utaona kimo kwa sentimita pamoja na uzito wa juu kabisa, na mtoto mnene anaweza kufikia uzito huo kabla ya kimo. Kikomo chochote kinachofikiwa kwanza ndicho kinachohesabika.

Viti vya Marekani hufuata kanuni ya FMVSS 213 na havina makundi hayo. Kila modeli huandikwa vikomo vyake. Kwa mtoto mwenye umbo kubwa hii ni faida, kwa kuwa vipo vingi vya kugeuzwa pande mbili vinavyombeba mtoto akitazama nyuma hadi kilo 18 au hata karibu 23, na akitazama mbele ndani ya mikanda ya kiti hadi kilo 29 na nusu. Australia na New Zealand zina kanuni ya pamoja, AS/NZS 1754, ambayo huchora alama za mabega kwenye kitambaa cha kiti chenyewe ili mzazi aone kwa jicho kama mtoto bado anaenea. Aina ya G ya kanuni hiyo humweka mtoto kwenye mikanda ya ndani, yaani ile ya kiti chenyewe, hadi takribani miaka 8. Jambo la kuzingatia ni kwamba nchi nyingi hukubali kanuni yake tu, kwa hiyo kiti kizuri kilichotoka nchi nyingine kinaweza kuwa si halali unakoishi.

Kiti kisicho na lebo yoyote ya idhini, hata kiwe kinene na kizuri kiasi gani, kiache dukani.

Hatua ya tatu: amua atazame wapi

Gari linapogonga kwa mbele, kila kilichomo huendelea kwenda mbele. Mtoto anayetazama nyuma hudidimia kwenye mgongo wa kiti, na nguvu husambaa kichwani, shingoni na mgongoni kwa pamoja. Anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda, kichwa kikaruka peke yake, na shingo ndiyo inayokizuia. Tofauti hii ndiyo iliyomfanya Bertil Aldman, mtafiti wa Sweden, abuni kiti cha mtoto cha kutazama nyuma katika miaka ya 1960, baada ya kuona jinsi wanaanga walivyolazwa vitini mwao ili mgongo upokee nguvu za kurushwa. Nchini Sweden watoto huendelea kutazama nyuma hadi miaka 4 hivi, na nchi hiyo ina jaribio la hiari liitwalo Plus Test linalopima nguvu inayoifikia shingo. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani nacho, mwaka 2018, kiliondoa mpaka wa miaka 2 katika ushauri wake na kusema mtoto atazame nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti chake kinavyoruhusu.

Kwa hiyo ukiwa na mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 16, swali la kwanza dukani ni hili: kiti hiki kinamruhusu atazame nyuma hadi kilo ngapi? Kikikomea 13, hakikufai. Kikifika 18, hesabu muda uliobaki kwa kasi anayokua. Vipo viti vya kufungwa kwa mkanda wa gari vinavyomruhusu mtoto kutazama nyuma hadi kilo 36 au sentimita 125, na hivyo humtosha hata mtoto mkubwa kupindukia.

Neno kuhusu miguu, maana ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote. Mtoto anayetazama nyuma hukunja magoti, huyapanua kama chura, au huegemeza nyayo kwenye kiti cha gari, na mtu mzima akimwona humwonea huruma kwa kujifikiria yeye mwenyewe. Watoto hawalalamiki, tazama wanavyokaa wanapocheza sakafuni. Hakuna kiti kinachohesabiwa kuwa kimekuwa kidogo kwa sababu ya miguu. Hesabu hufanywa kwa uzito, kichwa na mabega.

Hatua ya nne: kimwenee mwilini, si kwenye karatasi tu

Nenda na mtoto dukani. Vikomo vilivyoandikwa havisemi lolote kuhusu upana, na viti viwili vyenye kikomo kilekile vinaweza kutofautiana upana wa ndani kiasi cha kumfanya mtoto mnene akae vizuri katika kimoja na kukwama katika kingine. Mvue sweta na jaketi, mkalishe matako yakiwa yamefika nyuma kabisa, kisha uangalie mambo yafuatayo kwa utulivu.

Mabega yasisukumwe mbele na mbawa za pembeni. Mtoto mwenye mabega mapana akibanwa na mbawa hujipinda, na mkanda mmoja hushuka. Mapaja yasibanwe na kuta za ganda la kiti hata kuacha alama. Mikanda iwe na urefu wa kutosha kufungika bila kuvutwa hadi mwisho, kwa kuwa ikikosa akiba leo, kesho haitafungika. Kisha tazama bizimu. Likizama chini ya tumbo au likakandamizwa kati ya mapaja, angalia kama mkanda wa katikati ya miguu una tundu la mbele zaidi, na kama kanuni za kiti zinaruhusu alitumie. Viti vingi vinavyobeba uzito mkubwa vina matundu mawili au matatu. Mtoto ambaye bizimu linamuuma hujifunza upesi kulifungua, na hapo una tatizo lingine.

Kwa mtoto anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa anayetazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu yake kidogo. Linganisha tundu la juu kabisa na alama yako ya penseli: chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka kwenye kikalio hadi tundu hilo, na utoe kipimo cha bega. Nafasi inayobaki ndiyo umri wa kiti kwa mtoto wako. Ikiwa ni sentimita mbili, unanunua miezi. Ikiwa ni nane, unanunua miaka. Kuhusu kichwa, kwa viti vingi vya kutazama nyuma vya Marekani sharti ni ganda kuzidi utosi kwa sentimita 2.5, na akitazama mbele ncha za masikio zisipite ukingo wa juu. Watengenezaji wengine wana masharti yao, na kijitabu cha kiti ndicho chenye kauli ya mwisho.

Hatua ya tano: linganisha kiti na gari

Jambo la kwanza la kukagua ni namna ya kukifunga, kwa kuwa vyuma vya ISOFIX, yaani vya kushikiza kiti kwenye gari bila mkanda, na vile vya Marekani viitwavyo LATCH vilivyolazimishwa kwa magari mapya kuanzia Septemba 2002, vina kikomo cha uzito ambacho mtoto mwenye umbo kubwa hukifikia mapema. Chini ya R129, jumla ya uzito wa kiti na mtoto kwenye vyuma hivyo isizidi kilo 33. Viti hivi vyenyewe si vyepesi: kiti cha kilo 15 kinamwachia mtoto kilo 18 tu. Nchini Marekani jumla ni takribani kilo 29 na nusu. Kikomo kikifika, mara nyingi si kiti kilichokwisha bali ni njia ya kukifunga, na modeli nyingi huruhusu kuhamia mkanda wa gari, ambao ukifungwa sawasawa hauna upungufu wowote. Usivitumie vyote viwili kwa pamoja ila mtengenezaji ameruhusu.

Mkanda wa juu, ule unaotoka kichwani mwa kiti na kushikizwa nyuma ya gari, hupunguza umbali ambao kichwa cha mtoto anayetazama mbele husafiri. Hakikisha unaushikiza kwenye nanga yake halisi. Ndani ya buti kuna vijipete vya kufungia mizigo vinavyofanana nayo sana, na vile havikutengenezwa kuhimili nguvu hiyo. Kitabu cha gari kina mchoro. Kama kiti kina mguu wa kuegemea sakafuni, chungulia chini ya kapeti, kwa maana baadhi ya magari yana sanduku la kuhifadhia vitu chini ya sakafu ya nyuma, na mfuniko wake unaweza kuvunjika mguu ukiusukuma.

Gari la zamani lenye mkanda wa kiunoni pekee kwenye siti ya nyuma linaweza kupokea baadhi ya viti vyenye mikanda ya ndani, lakini kamwe lisitumike na kiti cha kuinua. Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa mfuko hufumuka na kukipiga mgongoni, karibu kabisa na kichwa cha mtoto.

Hatua ya sita: funga kiti, kisha funga mtoto

Kaza kiti kwa kukiegemea kwa goti au kiganja huku ukivuta mkanda. Ukimaliza, kishike pale mkanda au vyuma vinapopitia, si kileleni, ukitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kileleni kitacheza kidogo hata kikifungwa vizuri, na wengi hukifungua bure kwa sababu ya hilo.

Kwa mtoto, anza na mapaja. Mtoto mnene huficha ulegevu mwingi mapajani, na ukivuta mkanda wa mbele moja kwa moja mabega hukaza huku nyonga zikibaki huru. Funga bizimu, vuta mikanda ya mabegani kwenda juu hadi ile ya mapajani ikaze, ndipo uvute mkanda wa kukazia. Kisha jaribu kuubana mkanda begani kwa kidole gumba na cha shahada, kwa urefu wake: ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Kama kiti kina kibano cha kifuani, kikae usawa wa makwapa.

Jaketi nene livuliwe. Anayebisha amfunge mtoto akiwa amelivaa, amtoe bila kugusa marekebisho ya mikanda, amvue, amrudishe na kufunga tena. Mikanda itaning'inia, na ulegevu huo ndio ambao ajali ingeuchukua. Blanketi litandikwe juu ya mikanda iliyokwisha kukazwa.

Kiti kilichotumika

Kikubali tu kama unajua historia yake yote: hakijawahi kuwa kwenye ajali, tarehe yake ya mwisho iliyochapwa kwenye plastiki haijapita, sehemu zote na kijitabu vipo, na hakimo katika orodha ya vilivyorudishwa kiwandani. Mtu usiyemjua hawezi kukuthibitishia la kwanza.

Hatua ya saba: jua lini atatoka kwenye mikanda ya ndani

Mtoto mwenye umbo kubwa hufikia kilo 18 akiwa na miaka 3 au hata kabla, na hapo ndipo shinikizo la kumpa kiti cha kuinua huwa kubwa. Viti vingi vya kuinua vya Marekani huanzia kilo 18, na vya R129 huanzia sentimita 100, kimo ambacho mtoto mrefu hukifikia kabla ya kutimiza miaka 3. Vikomo hivyo ni mlango wa chini kabisa. Kinachobaki ni tabia na mifupa: mtoto anayejichomoa chini ya mkanda, anayeinama kuokota alichoangusha, au anayelala akiangukia upande, hajalindwa na mkanda wa kawaida hata awe na kilo 25. Kabla ya miaka 4 usikifikirie, na ukiweza kusubiri hadi 5, subiri. Kama kiti chake kimekwisha akiwa na 3, tafuta chenye mikanda ya ndani inayobeba uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa aina hizo zipo katika kila kanuni iliyotajwa hapo juu.

Siku itakapofika, chagua cha kuinua chenye mgongo na mbawa za kichwa, na umkague akiwa ndani ya gari lenyewe: mkanda wa kiunoni ulale juu ya mapaja na kugusa nyonga, wa begani upite katikati ya mtulinga bila kukata shingo wala kuteleza mkononi, na abaki hivyo hata akisinzia. Hadi siku hiyo, rudi ukutani na penseli kila baada ya miezi mitatu, na kila baada ya yale majuma ambayo suruali zake hufupika ghafla, upandishe mikanda kabla bega halijaipita.